Framework Desktop kwenye meza ya mchora ramani: uzoefu wangu wa miezi minne

Mimi ni mchora ramani za majengo jijini Dar es Salaam. Mchana natengeneza ramani pamoja na zile picha za mfano ambazo mteja hutaka kuziona kabla msingi haujachimbwa, na usiku, watoto wakishalala, hucheza gemu za mpira na za mbio za magari. Kwa miaka sita kazi zote mbili nilizifanya kwa kompyuta kubwa iliyokaa chini ya meza, ambayo ilitoa joto la kumfanya mtu ahamishe miguu. Miezi minne iliyopita niliibadilisha na Framework Desktop, kompyuta ndogo ya mezani ya kampuni ya Framework, toleo lenye prosesa ya AMD Ryzen AI Max+ 395 na RAM ya GB 64.

Framework haiuzi moja kwa moja Tanzania, kwa hiyo nilimwomba shemeji aliyekuwa akija likizo kutoka Uingereza aninunulie. Keshi ya mashine hii, yaani kasha lake la nje, ina ujazo wa lita 4.5 na uzito wa kilo tatu hivi, na aliibeba kwenye begi la mkononi bila shida yoyote. Waya wake ulikuja na plagi ya pini tatu kama za kwetu, nikachomeka bila kutafuta adapta. Anayefikiria kufanya kama nilivyofanya azingatie jambo moja: ikiharibika, hapa nchini hakuna kituo cha kuipeleka, na dhamana utaifuatilia huko huko ilikonunuliwa.

Nilichukua toleo ambalo mnunuzi hulikamilisha mwenyewe. Ubao mama ulikuwa umeshafungwa ndani, prosesa ikiwa chini ya bamba kubwa la kupozea, hivyo yangu ilikuwa kufunga feni ya milimita 120, kuchomeka diski ya SSD, kupanga vile vigae 21 vya plastiki vya upande wa mbele, kisha kuweka Windows. Bisibisi imo ndani ya boksi. Mbele kuna nafasi mbili za vipande vinavyochomekwa na kuchomolewa kwa mkono. Moja nimeweka cha USB-C na nyingine cha kadi ya SD, kwa sababu kila wiki nahamisha picha ninazopiga kwenye viwanja.

Sasa nizungumzie RAM, kwa kuwa hapo ndipo uamuzi wote wa kununua mashine hii ulipo. Prosesa na sehemu ya grafiki, Radeon 8060S, hutumia RAM moja. Katika toleo la GB 128, Windows inaweza kuipa grafiki hadi GB 96, kiasi ambacho kadi za kawaida za gemu hazikifikii hata kwa mbali. Kwa mtu wa Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, kama mimi maana yake ni kwamba mchoro wenye miti, samani na vioo vingi unaingia wote, wakati kadi yangu ya zamani ya GB 8 iliukataa na kunilazimu kuukata vipande. Kasi ya kumaliza picha moja si ya kutisha. Mwenye kadi kubwa ya kisasa atanishinda, ilimradi mchoro wake uenee kwenye kadi hiyo.

Lakini RAM hiyo imechomelewa kwenye ubao, na huwezi kuiongeza baadaye. Kwa kampuni iliyojijengea jina kwa vifaa vinavyofunguka na kutengenezeka, jambo hilo liliwaudhi wengi ilipotangazwa Februari 2025. Maelezo yao ni kwamba walijaribu pamoja na AMD kupata RAM ya kuchomoa, ikashindikana kwa sababu njia ya data ya biti 256 inahitaji mawimbi safi ambayo soketi ingeyavuruga. Nayakubali maelezo hayo, ila hayanipunguzii majuto: bei zilizotangazwa zilikuwa dola 1,599 kwa GB 64 na dola 1,999 kwa GB 128, nikabana hizo dola 400. Mwezi wa pili tu nilipata kazi ya hoteli yenye bustani, na RAM ikajaa.

Kuhusu umeme nina furaha ya kweli. Kwa kipimo changu cha ukutani, kazi nzito inakula takriban wati 160, na mashine ikitulia haifiki wati 20. Juzi umeme ulikatika picha ya sebule ikiwa imebaki robo kumalizika. UPS (betri ya akiba) ile ile ambayo zamani ilipiga kelele na kuzima kabla sijahifadhi kazi, safari hii iliibeba mashine pamoja na monita mpaka picha ikaisha, nami nikazima kwa utaratibu.

Gemu zinakwenda vizuri. Kwa monita ya pikseli 2560 kwa 1440 gemu ya mpira haishuki chini ya fremu 60 kwa sekunde, na za magari nazicheza kwa mpangilio wa juu isipokuwa vivuli, ambavyo navipunguza kidogo. Feni husikika kama upepo wa dirishani, haivumi.

Ukitaka kuongeza kadi ya grafiki baadaye, keshi hii haitakusaidia. Ubao una nafasi ya PCIe x4 ya kuchomekea kadi, ila keshi haikuachiwa uwazi wa kutolea kadi nje. Kwa bahati nzuri ubao wenyewe ni wa kipimo cha Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, na unaingia kwenye keshi nyingine yoyote ya kipimo hicho. Huko ndiko wangu utakakokwenda nikinunua wa GB 128: utahamia kwenye keshi ya kawaida uwe wa watoto, na keshi hii ndogo itabaki mezani kwangu na ubao mpya.