Mbegu za pakiti za kivumbasi: mbegu safi, maelekezo yamemsahau nyuki

Cha kusifiwa kwanza ni lebo. Mimea kadhaa ya jamii ya mrehani huitwa kivumbasi, na mingine hufa baada ya msimu mmoja. Pakiti hii imeandikwa jina la kisayansi, Ocimum gratissimum, ambao ndio mmea wa kudumu: shina lake la chini hukomaa likawa mti, hupanda hata kupita mita moja, na jani mara nyingi ukilifikicha linanukia karafuu. Pakiti isiyo na jina hilo, iache dukani.

Mbegu ni za kahawia, makapi machache. Palipoharibika ni kwenye maelekezo. Yanasema fukia sentimita moja, na mbegu hii huhitaji mwanga ili iote. Ukiifukia hivyo utangoja bure. Changanya na mchanga mkavu, tawanya juu ya udongo tifutifu uliokwisha kuloweshwa, gandamiza kwa kiganja, basi. Trei inywe maji kutoka chini, maana matone makubwa huzisomba mbegu zikarundikana pembeni. Penye joto, miche huchomoza kati ya siku 7 na 14. Ikibanana kwenye udongo chepechepe huingiwa na kinyausi, ugonjwa wa miche: shingo hunywea, inakuwa kahawia, na mche unalala majani yangali mabichi. Punguza miche mapema, mwagilia asubuhi. Ikifikisha majani 6, hamishia juani pasipotuama maji, nafasi ya sentimita 80 hivi.

Kosa kubwa zaidi ni ushauri wa kukata kila kishada cha maua ili majani yaongezeke. Huo ni ushauri wa mpishi! Maua haya madogo meupe yamezunguka shina sita sita, yakifunguka kuanzia chini kwenda juu, hivyo kishada kimoja humlisha nyuki kwa siku nyingi, ngazi baada ya ngazi. Vuna theluthi ya matawi tu, mengine yaachwe yachanue, na dawa ya wadudu isiguse mmea wakati huo. Maua yakikauka, pogoa, lakini usishuke chini ya pingili zenye majani. Shina gumu lisilo na majani huenda lisichipue tena.

Anayetaka mashina mawili matatu hahitaji pakiti. Kipande cha tawi changa cha sentimita 15, kisicho na ua, kikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, hutoa mizizi kwa wiki 2 au 3. Pakiti ni ya mwenye mstari mzima wa kujaza.