Paa moja, amana mbili: tathmini ya huduma ya kuhifadhi miili kwa baridi kali Marekani

Anayelipia krioniki hapati nafasi ya kukagua alichonunua siku ya kukabidhiwa. Hulipa akiwa hai, mara nyingi kupitia bima ya maisha, ili siku atakapotangazwa kuwa amefariki mwili wake upozwe haraka, mishipa ipitishiwe kemikali za kuzuia barafu isiundike mwilini, kisha azamishwe katika naitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, akisubiri tiba ambayo bado haijagunduliwa. Hadi leo hakuna aliyefufuliwa. Kwa hiyo katika tathmini hii sipimi ufufuo, kwa kuwa hakuna wa kuupima. Napima utunzaji, na hasa swali ambalo limekuwa likijirudia miongoni mwa mashirika haya, la kama washindani wawili wanaweza kuweka watu wao katika jengo moja bila mwanachama kudhurika.

Hatuhitaji kukisia, kwa sababu jambo lenyewe tayari linafanyika. Cryonics Institute, iliyoanzishwa mwaka 1976 na Robert Ettinger pamoja na wenzake, ina jengo lake Clinton Township katika jimbo la Michigan. American Cryonics Society, iliyoanza California mwaka 1969, ni kongwe kuliko mwenyeji wake, lakini watu wake wamehifadhiwa katika jengo hilo hilo la Michigan. Mwanachama wa shirika hilo la California husaini mkataba na shirika lake na kuliachia fedha zake, nalo ndilo linaloingia makubaliano na mwenye jengo.

Mpango huu naukubali, na sababu yangu ya kwanza inatokana na matangi yenyewe. Tangi la kuhifadhia hufanya kazi kama chupa ya chai: halitumii umeme, hutegemea ukuta wenye kizuizi cha joto, na naitrojeni iliyomo huchemka polepole na kupotea, hivyo lazima iongezwe mara kwa mara. Kadiri tangi linavyokuwa kubwa, ndivyo naitrojeni inayopotea kwa kila mtu aliyemo inavyopungua, kwa sababu ujazo hukua haraka kuliko eneo la kuta. Lori lile lile linaloleta naitrojeni ya watu wachache linaweza kuleta ya wengi. Mfanyakazi wa zamu ni yule yule, na vipima oksijeni ni vile vile; navyo si mapambo, kwa maana naitrojeni ikijaa katika chumba kilichofungwa huiondoa oksijeni na kumuua mtu bila harufu wala dalili ya kumtahadharisha. Shirika dogo likilazimika kubeba gharama hizo zote peke yake, anayepunjwa mwishowe ni yule aliyelala ndani ya tangi.

Sababu ya pili naithamini zaidi. Marehemu hawezi kulalamika, na baada ya miaka arobaini huenda asiwe na ndugu wa kumsemea. Shirika lake likiwa si lile linalomiliki jengo, yupo mtu wa nje mwenye haki ya kuja kuuliza kina cha naitrojeni kimefika wapi. Katika lugha yetu tunaye mwenye amana na tunaye mwekewa amana, na ni salama zaidi watu hao wasipokuwa mtu mmoja.

Hata hivyo, mpangaji ana udhaifu wake, nao ulionekana waziwazi kusini mwa California katika miaka ya 1990. Mwaka 1993 baadhi ya waliokuwa wanachama wa Alcor, shirika jingine kubwa la krioniki, walijitenga na kuunda CryoCare, shirika ambalo halikuwa na jengo: kazi ya kuandaa mwili lilimpa mkandarasi mmoja, na kazi ya kuhifadhi likaipa kampuni iitwayo CryoSpan. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri, kwa kuwa mkandarasi asiyefanya vizuri angeweza kubadilishwa. Lakini soko halikuwa na wakandarasi wengine, na waliokuwepo walipojiondoa, CryoCare haikuwa na pa kushika. Iliacha kazi mwaka 1999, na watu iliowatunza wakahitaji makao mengine.

Pigo baya kuliko hilo lilihusu fedha. Huko Chatsworth, California, miili tisa iliyokuwa chini ya shirika jingine, Cryonics Society of California, iliachwa ikayeyuka, na habari zikafichuka mwaka 1979. Utunzaji ulitegemea michango ya ndugu, na ndugu huchoka. Ndiyo maana mimi huanza kusoma ukurasa wa fedha kabla ya picha za matangi. Mwaka 1997 Alcor ilianzisha mfuko wa udhamini ulio kando na matumizi ya kila siku, ambao sisi tungeuita wakfu, na zaidi ya nusu ya malipo ya anayehifadhiwa mwili mzima huingia humo.

Je, Alcor na Cryonics Institute nazo zihamie pamoja? Hapa nasita. Bei zao zimeachana mno: kwa miaka mingi Michigan wametoza kuanzia dola 28,000 kwa mwili mzima, bila kikosi cha kusubiri kando ya kitanda cha mgonjwa, ilhali Alcor imetoza dola 200,000 na zaidi, kikosi kikiwemo. Sheria nazo zinatofautiana, kwani mwaka 2004, baada ya mvutano na mamlaka ya jimbo, Cryonics Institute iliwekwa chini ya kanuni za makaburi, wakati Alcor hupokea miili Arizona kama zawadi kwa ajili ya sayansi. Tena Alcor ilihama Riverside, California, kwenda Scottsdale, Arizona, mwaka 1994 kwa kukimbia hatari ya tetemeko la ardhi. Watu walioona mbali kiasi hicho hawapaswi kurudi kurundika kila kitu mahali pamoja. Moto mmoja au amri moja ya mahakama ingegusa karibu kila aliyehifadhiwa nchini humo. Kikosi cha dharura kinaweza kushirikiwa, na kampuni ya Suspended Animation ya Florida imewahi kuwahudumia wanachama wa mashirika yote mawili. Majengo yabaki mawili.

Na asidhani mtu kwamba ugomvi huletwa na washindani tu. Huko Urusi mwaka 2021 viongozi wa KrioRus, shirika la krioniki la huko, waligombana wao kwa wao, matangi yakapakiwa kwenye malori huku miili ikiwa ndani, hadi polisi wakaingilia kati.

Kwa shirika dogo lisilo na jengo, basi, napendekeza upangaji wa namna ya Michigan kwa moyo mkunjufu, lakini kwa masharti. Mkataba utaje tangi ni mali ya nani, mwenye jengo atoe notisi ndefu ya kutosha kupata makao mengine, fedha za kuhama ziwe zimetengwa tangu siku ya kwanza, na mpangaji awe na ufunguo wa mlango. Mwanachama aombe kuyasoma masharti hayo kabla ya kusaini fomu ya bima.