Tathmini: Kibebeo cha DNA kwa Dawa za Saratani

Doksorubisini ni dawa yenye nguvu dhidi ya saratani, lakini haichagui: huua seli za uvimbe na wakati huohuo huumiza moyo, na madhara hayo hulimbikizana kadiri mgonjwa anavyoongezewa dozi. Kwa hiyo kibebeo chochote kinachokusudiwa kuiboresha nakipima kwa swali moja, yaani kama kinaishika dawa njiani na kuiachia pale inapotakiwa.

Kibebeo ninachokitathmini hapa hutengenezwa kwa njia ya origami ya DNA, ambayo mwanasayansi Paul Rothemund aliitangaza mwaka 2006. Uzi mmoja mrefu wa DNA ya virusi vya bakteria, wenye nyukleotidi (vipande vidogo vinavyounda DNA) zaidi ya 7,000, hukunjwa na nyuzi fupi zaidi ya 200 hadi lipatikane umbo lililokusudiwa, lenye upana wa takriban nanometa 100. Liposomu, vile vipovu vya mafuta vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kubeba dawa hiyohiyo, haziwezi kuchorwa kwa usahihi wa namna hii. Upakiaji nao ni rahisi, kwani doksorubisini hujipenyeza yenyewe kati ya jozi za besi za DNA, zile zinazounganisha nyuzi zake mbili kama vipandio vya ngazi.

Kilichonivutia zaidi ni jaribio la mwaka 2018, ingawa mzigo wake haukuwa doksorubisini bali thrombini, protini inayogandisha damu. Bapa la DNA lilikunjwa kuwa mrija uliofungwa kwa vifungo vinavyoachia vikikutana na protini ya nukleolini, inayopatikana kwenye kuta za mishipa ya damu ya uvimbe. Thrombini ilifichuliwa hapo, damu ikaganda, na uvimbe katika panya ukakosa lishe. Hilo ndilo jibu zuri kuliko yote niliyoyaona kwa swali langu.

Udhaifu wake mkubwa ni uimara. Maumbo mengi ya aina hii huhitaji magnesi nyingi kuliko iliyomo katika damu, na vimeng'enya vya mwili huyakatakata. Kuyavisha polima huyasaidia kudumu zaidi. Halafu, mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba doksorubisini huweza kujikusanya yenyewe katika baadhi ya myeyusho ya maabara, na mkusanyiko huo ukadhaniwa kuwa dawa iliyopakiwa. Tangu hapo siridhiki na takwimu za upakiaji zisizoeleza myeyusho uliotumika.

Bei ilikuwa kikwazo kingine, hadi timu ya watafiti wa Munich, Ujerumani, ilipoonyesha mwaka 2017 kwamba nyuzi zote zinaweza kuzalishwa kwa wingi kwa kutumia bakteria. Hata hivyo, bado hakuna kibebeo cha origami kilichoidhinishwa kutibu saratani, na mgonjwa anayehitaji doksorubisini iliyobebwa atapewa ile ya liposomu.