Laptop na Intaneti ya Nyumbani kwa Bei Nafuu Mbeya na Iringa: Kagua Kufuli Kwanza

Malalamiko ya wanunuzi wa laptop za mtumba yanafanana, kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga na Kihesa. Mashine iliwaka dukani, kioo safi, spika zinaimba, mtu akatoa laki nne zake za jasho. Baada ya muda Windows inaharibika, fundi anataka kuipiga upya, na kioo kinadai nenosiri lililowekwa na kampuni ya Uingereza au Marekani. Hakuna kilichoungua, ila fundi hawezi kwenda mbele. Kwenye ruta ni hivyo hivyo: inashika laini ya mtandao mmoja tu, na bando la mtandao huo likipanda bei, familia haina pa kukimbilia.

RAM, diski na prosesa muuzaji atakutajia hata usipouliza. Kufuli hataji, na mara nyingi naye halijui.

Dukani fanya hivi. Zima laptop kabisa kwa kushikilia Shift huku ukibofya Shut down, kwa sababu Windows ikizimwa kwa kawaida huwa haizimiki yote. Iwashe huku ukigonga F1 mfululizo kama ni ThinkPad, F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell, ili uingie BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine unaotangulia Windows. Ikidai nenosiri, mrudishie mwenyewe. Ikikuruhusu kuingia, usifurahi bado. ThinkPad yenye nenosiri la msimamizi inaweza kukuacha uingie kutazama tu, bila kubadili kitu. Nenda Security, kisha Password, usome mstari wa Supervisor Password: lazima useme Disabled. Kwenye Dell, Admin Password iwe Not Set. Kwenye HP, ukiona inakutaka utengeneze nenosiri jipya, hakuna la zamani. Ikikwambia ubadilishe, lipo.

Muuzaji atakwambia kwamba fundi atachomoa betri ndogo ya ubao na nenosiri litafutika. Kwa ThinkPad hilo halifanyi kazi. Nenosiri linakaa kwenye chipu isiyotegemea betri ile, na Lenovo wenyewe wanasema dawa ni kubadili ubao mzima. Wapo mafundi wanaoichokonoa chipu kwa kifaa cha kuandika upya kilichomo ndani yake, lakini wakikosea, ubao umekwenda na pesa yako.

Ukiwa humo humo, tafuta Computrace au Absolute. Ni mfumo wa kufuatilia mashine iliyoibwa. Ukikuta Activated, achana na laptop hiyo hata ukipunguziwa nusu ya bei.

Kufuli la tatu ndilo gumu kulinasa. Kampuni nyingi huandikisha laptop zao kwa Microsoft, na usajili huo haufutiki kwa kupiga Windows. Muuzaji anaweka Windows bila intaneti, kila kitu kinaonekana sawa. Siku utakapoipiga upya ikiwa hewani, inakuletea ukurasa wenye jina la kampuni na kutaka barua pepe ya kazini. Kulipima dukani huchukua muda, hivyo andikishana na muuzaji kwamba ndani ya siku saba, likitokea hilo, unarudisha mashine na kupewa pesa. Kisha kaipige upya wiki hiyo hiyo, usingoje iharibike.

Chromebook za shule za ng'ambo zina ugonjwa huo huo. Chini ya ukurasa wa kuingilia soma kama pameandikwa kwamba kifaa kinasimamiwa na shule au taasisi fulani. Hata ukiifuta yote, usajili unarudi pale inapopata intaneti.

Sasa ipi ununue? Naipendelea ThinkPad waziwazi, na ya kwanza ni T480. Ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma inayotoka bila bisibisi. Umeme ukikatika Uyole usiku mtoto ana kazi ya shule, unachomoa ya nyuma iliyoisha na kupachika nyingine bila kuzima mashine, mradi ya ndani ina chaji. Ina nafasi mbili za RAM, na prosesa za kizazi cha 8 zinaingia Windows 11 kihalali. Hilo ni la maana kwa sababu Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini soma kibandiko na usome ndani ya mashine pia: zipo T480 zilizotoka na i5-7200U au 7300U, hizo ni kizazi cha 7 na hazimo. Halafu jaribu chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C, moja baada ya jingine. T480 haina tundu jingine la chaji, na zile za mwanzo zilikuwa na hitilafu ya programu ya ndani ya Thunderbolt (USB-C ya kasi) iliyoweza kuua tundu.

Ya pili ni T470. Nayo ina betri mbili, na tundu la chaja la mstatili pamoja na USB-C, ila Windows 11 haiikubali rasmi. Iweke Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Kwa kuandika, kusoma na kuvinjari inatosha kabisa.

Ya tatu ni HP EliteBook 840 G3, ikifuatiwa na Dell Latitude. Kwa Dell, pini nyembamba katikati ya chaja ndiyo inayoitambulisha. Chaja feki au pini iliyovunjika maana yake betri haichaji na mashine inafanya kazi polepole.

Kwa zote, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti inayotengenezwa, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uliobaki. Ukiwa chini ya asilimia 60, hesabu bei ya betri mpya na uikate kwenye bei ya laptop.

Vilaptop vipya vya bei ya chee vyenye GB 32 za eMMC (hifadhi ndogo inayokaa badala ya diski), viache. Hifadhi imeunganishwa kwenye ubao, na masasisho ya Windows yanaijaza.

Kuhusu intaneti, mtu mmoja au wawili waanze na hotspot ya simu, haigharimu kifaa kipya. Kwenye Windows iweke Wi-Fi hiyo kama metered, yaani intaneti ya kubana matumizi, maana sasisho moja kubwa linaweza kula GB 3 au zaidi.

Familia kubwa inunue ruta ya 4G isiyofungwa. Nachagua TP-Link, kwa kuwa za madukani kwa kawaida hazijafungwa kwa mtandao wowote. Ruta za mitandao na zile zilizovuka mpaka wa Tunduma zipime kwa laini ya mtandao mwingine kabla ya kulipa. Huawei iliyofungwa itafungua ukurasa wa 192.168.8.1 na kudai kodi ya kufungulia, ikikuonyesha majaribio yaliyobaki.

Kabla ya ruta, azima laini za Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, uzipime nyumbani kwa simu ya 4G saa mbili usiku, wakati minara imeelemewa. Tukuyu na Makete mlima unaweza kuziba mnara ulio karibu, kwa hiyo usifuate sifa za jirani wa ng'ambo ya bonde. Kwenye ukurasa wa ruta angalia RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi: -90 ni nzuri, -110 ni dhaifu, chini ya -120 usitegemee kitu. Weka ruta dirishani upande wa mnara, si kabatini. Msimu wa radi ichomoe ukutani.

Faiba ikipita mtaani kwenu, na wapangaji wa nyumba moja wakichangia, inaweza kushinda bando zote. Waulize kwanza gharama ya kuunganishwa na ya kifaa, na kama kifaa kinabaki chenu mkihama.

Linaloniudhi ni bei mbili: moja ya risiti, nyingine bila risiti. Muuzaji anayetakiwa kutumia EFD, mashine ya risiti za kodi, analazimika kisheria kutoa risiti. Si hisani, na hatakiwi kumwongezea bei anayeidai. Dhamana ya mdomo ya miezi mitatu nayo inaisha pale unaporudi na tatizo. Dai risiti, na kwenye karatasi ya mauziano aandike namba ya utambulisho ya mashine (serial number), maneno "haina nenosiri la BIOS wala usajili wa kampuni", na siku saba za kurudisha. Ailinganishe namba hiyo na iliyo chini ya laptop mbele yako. Akikataa kuandika, usilipe.