Gem Roller Organ: uzoefu wangu na kinanda cha kuzungusha kwa mkono

Ukitaka kununua Gem Roller Organ, pima hewa kwanza, muziki baadaye. Kinanda hiki kilitengenezwa na Autophone Company ya Ithaca, New York, mwishoni mwa karne ya 19, na kampuni ya biashara ya Sears, Roebuck ilikiuza kwa katalogi. Vilivyobaki mara nyingi vina mbao nzima. Kilichochoka ni ngozi na kitambaa.

Hendeli moja inafanya kazi mbili: inaendesha mivukuto na inazungusha roli ya mbao iliyopigiliwa vipini vya chuma. Kipini kikifika kwenye kibonye, kibonye kinasogea, vali yake inafunguka, na hewa inapita kwenye ulimi wa shaba, ukatetemeka na kulia. Noti ni 20 tu. Roli, yenye urefu wa takriban sentimeta 16, inazunguka mara tatu kwa wimbo mmoja huku ikisogea pembeni kidogo kidogo kama skrubu, hivyo vipini vya kila mzunguko vina njia yao. Ubunifu huu naupenda kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Lakini roli isipokaa sawasawa, hata kwa milimita moja, noti za mizunguko miwili zinachanganyika, na wengi hudhani ndimi zimeharibika.

Kupima hewa ni rahisi. Inua fremu ya vibonye ili vali zote zifunge, zungusha hendeli mpaka mivukuto ifanye kazi, kisha acha. Hifadhi ya hewa, yaani mfuko unaotunza hewa ya mivukuto, inatakiwa irudi polepole kwenye umbo lake la kawaida. Ikirudi papo hapo, kuna pa kuvujia: kwanza angalia mikunjo na pembe za kitambaa, kisha ngozi za vali. Noti inayolia yenyewe bila kipini ni vali isiyofunga, kwa ngozi iliyokauka au uchafu ulionasa.

Kitambaa cha mivukuto kibadilishe kwa kingine chembamba chenye mpira, kisichopitisha hewa. Kikiwa kinene, hendeli inakuwa nzito na mikunjo haifungi. Tumia gundi ya moto ya ngozi, kwa sababu inalegea kwa joto na unyevu, na atakayekuja kukitengeneza baadaye atabandua bila kuvunja mbao. Silikoni usiiguse kabisa: gundi nyingine haishiki juu yake. Unyevu huohuo ni hatari kwa anayekiweka Mombasa au Unguja; viungo vinaachia na vipini vinashika kutu, basi kikae ndani, mbali na dirisha la baharini.

Ulimi ukinyamaza, karibu kila mara ni vumbi kati yake na fremu. Pitisha kipande cha karatasi nyembamba taratibu, bila kuupinda. Sauti ikiwa imepotoka, ukikwangua shaba kidogo kwenye ncha inapanda. Ukikwangua karibu na shina, pale ulimi ulipofungwa, inashuka. Shaba ikishatoka hairudi, kwa hiyo jaribu kwanza kusafisha tu.

Kosa linaloharibu vinanda vingi ni kuchomoa roli vibonye vikiwa vimeshuka, au kuzungusha hendeli kinyumenyume. Vyote viwili hupinda vipini. Kilichopinda kinyooshe kwa koleo ndogo, ukikishika karibu na mbao. Fremu ya vibonye ikikaa juu mno, noti zinakatika. Ikikaa chini mno, zinashikana.

Sauti yake ni kubwa kuliko umbo linavyoonyesha, na huwezi kuishusha. Ukizungusha polepole, wimbo unalegea na hewa inapungua pamoja, maana chanzo ni kimoja. Tenzi zinakikaa vizuri sana. Nyimbo za dansi zenye noti nyingi za kupita hupungukiwa, kwa kuwa noti 20 hazina kila nusu-toni ya skeli.

Ningekinunua tena, ila bei niifikirie pamoja na kitambaa kipya, ngozi za vali na roli zisizokosa vipini.