Kukinga Gari la Rimoti Dhidi ya Maji: Nini Kinunuliwe Kwanza

Gari la rimoti la wapenzi wa mchezo huu lina sehemu nne ambazo maji huziathiri kwa namna tofauti: risiva inayopokea amri za rimoti, kidhibiti mwendo ambacho wengi hukiita ESC na ambacho hupima umeme unaoenda kwenye mota, sevo ya usukani inayogeuza magurudumu, na mota yenyewe. Anayetafuta bidhaa moja ya kuzikinga zote atalipia kinga mahali isipohitajika na kuiacha wazi sehemu iliyoihitaji. Mota isiyo na brashi, kwa mfano, haihitaji kupakwa chochote ikiwa haina sensa (kihisio cha mzunguko wake), kwa sababu waya zake huviringwa zikiwa tayari na ganda la enameli; kinachoharibika humo ni beringi, na dawa yake ni tone la mafuta kila baada ya kucheza kwenye maji. Mota ya brashi nayo huzunguka hata ikiwa imezama, ila brashi zake za kaboni huisha upesi. Fedha, basi, ielekezwe kwenye sehemu tatu zilizobaki.

Nafasi ya kwanza ninaipa vanishi ya saketi ya silikoni, inayouzwa katika chupa ndogo yenye brashi kwenye kifuniko, kama vile 422B ya kampuni ya MG Chemicals ya Kanada. Maji yakikuta bodi ya saketi yenye umeme, mkondo hupita ndani yake kutoka mguu mmoja wa chipu hadi mwingine na kuila shaba, na uharibifu huo huendelea muda wote betri inapokuwa imechomekwa. Vanishi hukata njia hiyo juu ya bodi yenyewe, na ndiyo maana ninaiweka mbele ya visanduku na mifuko ya aina zote, ambavyo siku vikivuja huyahifadhi maji ndani. Silikoni hubaki laini baada ya kukauka, kwa hiyo haipasuki gari linaporuka na kutua, na panapohitajika matengenezo inaweza kukwanguliwa.

Upakaji wenyewe unadai subira kuliko ustadi. Risiva ifunguliwe, bodi isuguliwe taratibu kwa mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti ya aisopropili, kisha iachwe ikauke kabisa, kwa maana jasho la vidole likifungiwa chini ya vanishi litaendelea kula shaba humo humo. Pini za kuchomekea waya na kitufe cha kuunganishia rimoti vizibwe kwa utepe, halafu yapakwe matabaka mawili membamba badala ya moja nene. Vanishi nyingi za aina hii hutiwa kemikali inayong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno, na taa ndogo ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia inatosha kabisa kwa kazi hii: sehemu zilizopakwa hung'aa kibuluu, na miguu ya chipu iliyorukwa huonekana kama michirizi myeusi. Mnunuzi asidanganyike na silikoni ya kuzibia sinki yenye harufu kali ya siki, kwani inapokauka hutoa asidi ya asetiki, nayo ni adui wa shaba.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi kuna jambo la usafirishaji. Makopo ya kupulizia na vimiminika vyenye viyeyushi vinavyowaka huhesabiwa kuwa bidhaa hatari katika usafiri wa anga, na wauzaji wengi wa mtandaoni hukataa kuvituma. Ni busara kuulizia kwanza kwa mafundi wa elektroniki wa Kariakoo au Luthuli Avenue kabla ya kuagiza nje.

Nafasi ya pili ni kidhibiti mwendo na sevo zilizokingwa kiwandani, nazo zingekuwa za kwanza kama si gharama. Kidhibiti mwendo sishauri kifunguliwe na kupakwa nyumbani, kwa sababu vanishi ikiingia kati ya transista na bamba la kupozea, joto hukosa pa kutokea. Afadhali kinunuliwe kipya, kama QuicRun WP 1060 ya Hobbywing kwa magari ya mota za brashi; kwa vile vyenye feni, mnunuzi asome maelezo vizuri, kwani feni mara nyingine haimo ndani ya kinga hiyo. Sevo nayo ina kipima pembe ambacho vanishi hukiua papo hapo, na maji huiingia kwa kufuata mhimili unaozunguka, ambako sevo nzuri huwa na pete ya mpira. Kampuni ya Savox huanza majina ya sevo zake za aina hii kwa herufi SW.

Alama ya IP67 kwenye pakiti, inayoonyesha kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji, ina maana mahususi. Tarakimu ya 7 inahusu kuzama katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haisemi lolote kuhusu maji ya shinikizo, kwa hiyo gari lenye alama hiyo lisioshwe kwa bomba la kuoshea magari. Wala haizungumzii maji ya bahari, ambayo hubeba takriban gramu 35 za chumvi kwa lita na hupitisha umeme kwa urahisi mkubwa kuliko ya bomba. Kwa ufuo wa Mombasa au Kigamboni, hakuna bidhaa katika mwongozo huu ninayoweza kuidhamini.

Nafasi ya tatu ni kisanduku cha risiva chenye gasketi (mpira wa kuzibia kifuniko), kama vile kampuni ya Traxxas inavyoweka kwenye magari yake mengi. Ni kizuri juu ya bodi iliyopakwa, mradi pale waya zinapopita pajazwe grisi ya silikoni kila kinapofunguliwa.

Mafuta ya kuzuia kutu kama CorrosionX ninayaweka ya nne kwa bodi, kwa sababu huoshwa na kuhitaji kurudiwa, ingawa kwa plagi za betri sijaona kitu kinachoyapita. Rangi ya kucha isiyo na rangi wala vimetameta hufuata. Ni rahisi kupatikana na husaidia, lakini hukauka ngumu na kupasuka.

Mpira wa kimiminika wa kuchovyea bodi nzima ninauweka karibu na mwisho, kwa kuwa hushika joto na kuondoa kwake ni kazi ya kisu na hasira. Mwisho kabisa ni puto lililofungwa kwa kamba kuzunguka risiva: gari likitoka juani na kuingia kwenye dimbwi, hewa iliyo ndani hupoa na unyevu wake hugeuka matone juu ya bodi hata kama puto halikutoboka.