TAHADHARI: Anayeuza "studio kamili" kwa 380,000 hapa Tanga

Wadau wa muziki Tanga, hasa mnaoanza na mnaotafuta vifaa vya kurekodia chumbani, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna kijana anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na tangazo la "studio kamili ya kuanzia": saundi kadi (kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta), maiki ya kondensa (ile inayodaka hata sauti ndogo), hedifoni, stendi, sponji za ukutani na flashi yenye programu zote, 380,000 tu. Picha yake ni meza yenye kitambaa cha maua ya zambarau, vifaa vimepangwa juu yake kama mahari. Nimeliwa, tena mchana kweupe, na kifaa nilikijaribu mwenyewe kabla ya kulipa. Hapo ndipo penye mambo.

Mimi narekodi kaswida za vijana wa madrasa ya mtaani kwetu Ngamiani, mwaka wa pili sasa, kwa simu tu. Nilitaka Mfungo Sita ukifika niwe na kitu cha maana. Huyu jamaa hakuniomba hata senti ya kutanguliza. "Kaka, wewe njoo uone, jaribu, ukiridhika ndio ulipe." Nani angemshuku mtu wa namna hiyo?

Nikamfuata Chumbageni, chumba cha kupanga. Laptopu yake kaiweka dirishani, anasema ndipo intaneti inaposhika. Akanishikisha maiki, nikaimba beti mbili nimesimama hapohapo karibu na dirisha. Kwenye skrini mistari ya sauti inapanda na kushuka. Akanivika hedifoni, nikajisikia, safi kabisa. Nje jogoo alikuwa amewika wakati naimba, na kwenye rekodi jogoo yule anasikika kuliko mimi. Nikacheka, nikamwambia maiki yako ina masikio. Akacheka na yeye. Nikalipa kwa simu. Jina lililotokea ni la mwanamke, akasema laini ya mke wake. Na hilo nikalimeza.

Nyumbani nikachomeka kwenye laptopu yangu. Taa inawaka, mistari imelala. Nikaimba, nikakohoa, nikapiga kelele mpaka mama akauliza kulikoni. Kinachosikika ni mchirizo tu, kama mafuta yanayokaangia samaki. Baada ya saa nzima mdogo wangu akaingia kwenye mipangilio, akachagua maiki ya laptopu yenyewe, ile ya ndani, akapiga kofi moja. Mistari ikaruka juu.

Nikamkumbuka jogoo.

Kule Chumbageni maiki niliyoishika haikurekodi kitu. Iliyorekodi ni maiki ya ndani ya laptopu, iliyokuwa dirishani, karibu na jogoo kuliko nilivyokuwa mimi. Niliimba nimeshika chuma.

Kwa hiyo ukienda kununua kwa mtu yeyote, nenda na laptopu yako, na kwenye programu hakikisha kilichochaguliwa ni ile saundi kadi unayoinunua. Kisha kwaruza wavu wa maiki kwa ukucha, polepole. Maiki inayofanya kazi itakuletea mkwaruzo mkubwa unaokera masikioni. Halafu kwaruza laptopu karibu na kibodi. Mkwaruzo wa laptopu ukiwa mkubwa kuliko wa maiki, aga uondoke. Ni jambo la nusu dakika, na lingeniokolea 380,000.

Kesho yake ile saundi kadi nikaipeleka kwa fundi redio mmoja, mzee mtaratibu sana. Kwanza alikwangua stika ya jina kwa ukucha, ikabanduka. (Jina silitaji, ni la kampuni halali isiyohusika na uhuni huu.) Akafungua kwa bisibisi. Ndani mna kibao kidogo cha saketi, cha zile saundi kadi za kurushia matangazo ya moja kwa moja kwa simu, na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi ya moto ili boksi liwe zito mkononi. Sikuamini mpaka nilipokishika.

Kisha akachukua mita, akabonyeza kitufe cha 48V, taa nyekundu ikawaka, akagusisha waya kwenye tundu la maiki, pini ya 1 na ya 2. Mita ikasoma volti 4 na ushee. Alinieleza hivi: maiki ya kondensa haina nguvu yake, inasubiri umeme kutoka kwenye saundi kadi, na kiwango chake ni volti 48. USB ya laptopu inatoa volti 5. Saundi kadi ya kweli ina saketi ndani ya kuzipandisha zile 5 zifike 48. Hii yangu haina. Wamefunga taa, basi. Nyinyi mnaotaka kondensa, mwombeni fundi mwenye mita aende nanyi. Soda yake ni ndogo kuliko hasara.

Jamaa huyohuyo anauza na maiki za Shure SM58, anasema "orijino", 60,000. Rafiki yangu alinunua. Tukaipeleka kwa sonara, maana mizani ya dhahabu haidanganyi, ikasoma gramu 221. SM58 halisi, ikipimwa bila kebo yake, ina takriban gramu 298, na huko Marekani kwenyewe mpya inauzwa karibu dola 100. Hiyo ya 60,000 inatoka wapi?

Sponji nazo anazisifia kuwa zinazuia kelele za nje. Haziwezi. Sponji nyembamba inapunguza mwangwi wa ndani ya chumba, bodaboda utaisikia kama kawaida. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji linakufaa zaidi, na unalo tayari. Flashi ndiyo msiichomeke kabisa, yangu ilijaza laptopu virusi. Programu za kurekodia zipo: Audacity ni ya bure, Reaper unaijaribu siku 60 bila kulipa, zote zinapakuliwa kwenye tovuti zao wenyewe. Na kama nyumba yenu ina kelele kama yetu, anzeni na maiki ya dainamiki ya kweli kuliko kondensa ya maigizo. Haihitaji hizo volti 48, na haidaki kila kuku wa jirani.

Nilipompigia alisema, "Kaka, hiyo ni dereva tu, weka dereva mpya," yaani ile programu ya kuiwezesha kompyuta kukitambua kifaa. Siku ya pili akasema nimtumie 30,000 ya kunibadilishia mzigo. Siku ya tatu akaniblock. Nimeripoti polisi, RB ninayo. Namba yake nimeituma 15040, ile ya TCRA ya kuripoti namba za matapeli. Haina gharama, na aliyeletewa ujumbe na huyu mtu naye aitume. Risiti hakunipa na mimi sikuomba. Najua, msinikumbushe.

Jana usiku binamu yangu wa Muheza kanitumia tangazo la grupu la kwao. Jina jipya, namba mpya, bei imeshuka mpaka 350,000. Kitambaa cha meza ni kilekile cha maua ya zambarau. Kama nawe umeuziwa, Muheza, Korogwe au hapahapa mjini, nitumie skrinshoti na ujumbe wa malipo inboksi. Jumatatu narudi kituoni, nataka niende na zaidi ya kesi yangu peke yangu.